Ikigoma Tena, Niletee

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 30, na katika kazi hiyo kulikuwa na mteja mmoja aliyemchosha kuliko wote: yule anayeleta redio inayokata. Nyumbani inakata kila usiku. Ikifika kwa fundi inaimba kama kasuku. Mjomba ataifungua, ataigongagonga, ataipuliza vumbi, ataiacha iwake mchana kutwa ikisoma taarifa ya habari bila kukwaruza, halafu jioni atamwambia mwenyewe, "Nenda nayo. Ikigoma tena, niletee hivyo hivyo, usiiguse." Wateja wengine walinuna. Walitaka kitu kifanyike, hata kubadilishwa waya mmoja tu, ili nauli isiende bure. Yeye hakukubali. Alisema kubadilisha kitu usichojua kama ni kibovu ni wizi, ila wa kutumia bisibisi.

Nayasema haya kwa sababu mwaka juzi aliambiwa karibu maneno yale yale na daktari, na kilichokuwa kinakata ni kichwa chake.

Ilianza kwa mambo ya kuchekesha. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote na kusifu. Akawaita wajukuu kwa majina ya wanawe. Baadaye haikuchekesha tena: usingizi wa mchana kutwa, mguu wa kushoto kuburura, maumivu ya kichwa ya alfajiri mpaka anatapika. Hospitali ya kwanza walimpiga picha ya CT, na kwenye picha ile, ndani kabisa, karibu na vyumba vya maji vya ubongo, kulikuwa na kitu mfano wa korosho, cheupe kuliko ubongo uliokizunguka. Pembeni yake kulikuwa na kivuli cha uvimbe. Daktari wa zamu alikuwa na mgonjwa anayetapika na kusinzia mbele yake. Akaandika deksamethasoni, sindano.

Siku ya tatu mjomba aliketi kitandani, akaomba uji, akauliza nani kabaki na funguo za duka.

Simlaumu daktari yule, na mtu akisoma makala hii kama malalamiko atakuwa amenielewa vibaya. Ubongo umo ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Ukivimba hauna pa kwenda. Steroidi hushusha uvimbe upesi, na kuna wagonjwa ambao bila sindano hiyo hawaioni asubuhi. Alichofanya kilikuwa huruma, na kilikuwa tiba. Tatizo ni kwamba kilifuta pia ushahidi.

Tulipofika Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI, siku 12 baadaye, korosho haikuwepo. Palibaki kitu kama doa la maji kwenye shati lililokauka. Mkaza mjomba aliposikia "hakionekani" alisujudu pale pale kwenye korido, juu ya vigae, watu wakimpitia pembeni. Mimi nililia. Mjomba aliuliza kama sasa anaweza kula pweza. Daktari peke yake ndiye hakufurahi, na nakumbuka nilimchukia kwa hilo. Niliona kama mtu anayesikitika kwamba msiba umeahirishwa.

Alinivuta pembeni kwa kuwa niliambiwa mbele yake kwamba mimi ndiye msomi. (Nasoma uzamili wa falsafa. Nyumbani kwetu jambo hili huelezwa kwa wageni kama "anasomea udaktari, ila si wa watu.") Akaniambia, "Mdogo wangu, kinachonitia wasiwasi ni kwamba kimeondoka upesi mno."

Aliyoyaeleza siku ile nimeyasoma tena na tena tangu hapo, na nitayaweka kwa kifupi. Ipo saratani iitwayo limfoma, ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti, zile zinazotulinda na maradhi. Mara nyingi hukaa kwenye tezi. Mara chache sana huanza na kubaki kwenye ubongo, uti wa mgongo au macho: katika kila uvimbe 100 unaoanzia ubongoni, huu haufiki 5. Sasa, steroidi huua limfosaiti moja kwa moja, zikiwemo zile zilizogeuka saratani. Haiziui zote. Huua za kutosha kuupoteza uvimbe kwenye picha kwa wiki kadhaa au miezi, kisha unarudi. Madaktari wana jina la kitu hicho, uvimbe mzuka. Kwa vijana wa leo mzuka ni neno la raha. Hapa halina raha.

Tena kuna jambo la pili, ambalo lilinishika zaidi kama mwanafunzi wa mambo ya kujua na kutojua. Wakati wa kipimo mgonjwa hudungwa dawa ya gadolini ili mahali penye ugonjwa pang'ae. Mimi nilidhani dawa ile inaushika uvimbe wenyewe. Hapana. Mishipa ya damu ya ubongo mzima ni kama imesiribwa, haipitishi kila kitu. Uvimbe ukiiharibu, inavuja, na gadolini inavuja nayo. Kile kinachong'aa kwenye picha ni mvujo. Steroidi huziba mvujo. Kwa hiyo picha safi inaweza kumaanisha kwamba mwizi kaondoka, na inaweza pia kumaanisha kwamba kafunga mlango kwa ndani.

Tangu mgonjwa wa kwanza alipoingizwa kwenye mashine ya CT pale London mwezi Oktoba 1971, tumezoea kusema kwamba sasa tunaona ndani ya kichwa cha mtu aliye hai. Tunaona, lakini tunachokiona ni dalili zilizochorwa vizuri. MRI husoma maji yaliyomo mwilini. Ipo namna yake moja inayopima jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe. Palipo na limfoma chembe zimebanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, maji hayana nafasi ya kusogea, na mashine inaonyesha msongamano huo. Daktari wa picha akiuona, pamoja na mng'ao ulioenea sawasawa, pamoja na mahali ulipo, anaweza kusema "hii inafanana sana na limfoma". Anafananisha. Jina lenyewe linatoka kwenye kipande cha nyama chini ya darubini, kinachochukuliwa kwa sindano ndefu kupitia tundu dogo kwenye fuvu, au mara nyingine kwenye maji ya uti wa mgongo, au ndani ya jicho. Kwa mjomba walipima maji ya mgongo, hawakuona kitu. Walichungulia macho, hawakuona kitu. Na sindano ya ubongoni utaielekeza wapi, ikiwa picha haionyeshi pa kuchoma?

Walimpima pia VVU, akawa hana. Swali hilo haliulizwi kwa sababu ya umbea. Kinga ya mwili ikiwa imeporomoka, sura ya ugonjwa kwenye picha hubadilika: limfoma huoza katikati na kung'aa pembeni kama pete, na pete hiyo hufanana mno na ile ya toksoplazma, kidudu ambacho kina dawa. Hapa kwetu, ambako wengi hawakuwa na njia ya kufikia sindano ile ya ubongoni, madaktari walijifunza kutibu ili kujua: mpe dawa ya toksoplazma wiki mbili, piga picha tena, pete ikipungua umejua. Ni busara ya watu wasio na vifaa. Ila kwa steroidi busara hiyo inakwama, kwa sababu steroidi hutuliza mambo mengi yasiyo ndugu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliona hili bila mashine yoyote. Katika masharti yake ya kuijaribu dawa alitaka ijaribiwe kwa magonjwa mawili yanayopingana, kwani ikiwa inafaa kote kuwili, kufaa kwake hakukuambii ni ugonjwa gani ulikuwa mbele yako. Mjomba alipona kwa dawa ambayo ingemponya pia, kwa muda, kama angekuwa na kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ushauri ulikuwa huu: dawa ipunguzwe kidogo kidogo mpaka iishe, maana haikatwi ghafla. Arudi nyumbani. Picha kila baada ya muda. Dalili zikirudi, aletwe mara moja, na kabla ya kupimwa asipewe steroidi na mtu yeyote, labda awe anakufa.

Yaani tumsubiri augue.

Mkaza mjomba alilielewa hilo kabla yangu. Mimi nilikuwa bado natafsiri maneno. Yeye, aliyeishia darasa la saba, aliuliza swali ambalo sijakutana nalo likiwekwa vizuri zaidi katika semina yoyote: "Dawa ipo. Inamfaa, nimeiona kwa macho yangu. Mnamnyima ili mpate kujua. Mkishajua, mtampa nini kinachozidi kufaa?"

Jibu la daktari lilikuwa la kweli. Tiba ya limfoma ya ubongo huanza na methotreksati kwa dozi kubwa, sumu inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa, akinyweshwa maji kwa mshipa usiku na mchana ili figo zisife. Zamani, na bado mahali pengine, ni mionzi ya kichwa kizima, ambayo kwa mtu aliyevuka miaka 60 inaweza kummalizia kumbukumbu zile zile tunazotaka kuziokoa. Huwezi kumpa mtu vitu hivyo kwa sababu picha ya kwanza "inafanana". Ukimpa na kumbe alikuwa na ugonjwa mwingine, umemuumiza bure. Na steroidi peke yake haiponyi. Inakopesha siku, na ikiacha kufanya kazi haitoi taarifa.

Mkaza mjomba alisikiliza yote. Akasema, "Sawa. Lakini huko ni kunyima, msikuite kusubiri."

Nimegombana na sentensi hiyo kwa miaka miwili. Kwanza nilijaribu kuishinda kwa njia tunazofundishwa: kwamba kumwacha mtu apatwe na jambo si sawa na kumfanyia, kwamba mateso ya wiki mbili tatu si kitu mbele ya tiba sahihi ya miaka. Hesabu inakubali. Hata hivyo kuna kitu ndani yake hakiendi. Mtu akikunyima chakula kwa sababu kesho una upasuaji, amekunyima, na ana sababu nzuri. Sababu nzuri haibadilishi jina la kitendo. Nadhani alichokuwa akitudai mkaza mjomba ni kwamba tubebe kitendo chetu kwa jina lake. Ukisema "tunasubiri", hakuna anayefanya lolote. Ugonjwa utakuja wenyewe, kama mvua. Ukisema "tunamnyima", basi lazima pawepo mtu aliyeamua, na lazima mnyimwaji mwenyewe aulizwe.

Na hapo ndipo nilipokosea mimi. Kikao chote hicho mjomba hakuwepo. Alikuwa nje, kwenye benchi, akimweleza mlinzi kwa nini redio yake ndogo inakamata stesheni moja tu. Nilimwambia daktari tusimwambie. Nilitoa hoja nzuri, nina mazoezi ya kutoa hoja nzuri: ana wiki chache za afya, huenda ni miezi, kwa nini tumfanye mlinzi wa kichwa chake mwenyewe? Kila akisahau miwani ataogopa. Mwacheni aishi. Shangazi mmoja aliniunga mkono, mama yangu naye kwa simu akaniunga mkono, na kwa desturi zetu jambo lilikuwa limekwisha.

Daktari alisema, "Mimi ninaweza kuwaficha ninyi kwa ajili yake. Yeye siwezi kumficha kwa ajili yenu." Akaenda kumwita.

Mjomba alisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Alipoelezwa kwamba dawa itaondolewa, arudi Tanga, na kikirudi aje kabla hajaguswa na mtu, alianza kutabasamu, nikadhani hajaelewa. Akasema, "Ikigoma tena, niletee." Kisha akacheka mpaka akatoa machozi, na daktari, ambaye hakujua kinachochekesha, akacheka naye kidogo kwa adabu. Akauliza maswali mawili tu. Kwamba je, sindano ile ya kichwani inaweza kumwacha bubu? Akajibiwa kwamba kutokwa damu ni hatari iliyopo, ingawa haitokei kwa wengi. Na kwamba je, atajuaje kimerudi, ikiwa kinachoharibika ndicho cha kujulia? Daktari akasema, "Ndiyo maana mzee tunahitaji watu wa nyumbani."

Hivyo nikawa mlinzi. Tasnifu inaandikika popote penye umeme, kwa hiyo nilihamia Tanga. Katika kusoma kwangu siku hizo nilikutana na jambo ambalo halikumhusu mjomba moja kwa moja, ila sijaweza kuliacha. Limfoma za ubongo zinazowapata wenye UKIMWI huchochewa na kirusi cha Epstein-Barr, na kirusi hicho kiligunduliwa kwa nyama ya kwetu. Daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kukitupa walitazama, wakakuta chembe hai zinaelea. Kutokana nazo, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi chao. Kila mara habari hii husimuliwa kama bahati ya ukungu. Mimi namfikiria mtoto. Ujuzi ule ulikatwa kwenye taya yake, na sidhani kama kuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa kwamba anasaidia kujulikana kwa jambo. Mjomba alikuwa na kitu ambacho huenda mtoto yule hakupewa: aliambiwa, na akacheka, na akakubali. Mimi nilitaka kumnyima hata hicho.

Zile wiki zilikuwa nzuri. Nataka niliseme hili bila kulipamba, kwa sababu hoja yangu ya awali ilikuwa kwamba akijua hataishi. Alifungua duka. Alirudisha redio za watu zilizokaa rafuni tangu enzi za kaseti, nyingine wenyewe wamekwisha kufa, akawapa watoto wao. Alimfundisha kijana wa jirani kulehemu. Alikula pweza. Aliogopa pia, usiku nilimsikia akijitajia kwa sauti ya chini majina ya vituo vya treni kutoka Tanga hadi Moshi, kwa mpangilio, akifika mwisho anaanza upya. Alikuwa anajipima. Sidhani kama kuna namna ya kumpa mtu wiki zile bila kumpa na usiku zile.

Halafu siku moja ya Jumapili nilimkuta dukani ameshika chuma cha kulehemu, baridi, hakijachomekwa kwenye umeme, anakitazama. Alikitazama kama unavyotazama kitu cha mgeni kilichosahaulika kwako. Ilichukua labda nusu dakika. Akakiweka chini, akaniona, akasema, "Mama yako kaja?" Mama yangu yuko Dodoma.

Sikusema kitu. Nilipika, nikaandika kurasa mbili, nikalala. Jumatatu mguu wa kushoto ulikwaruza sakafu mara moja, alipoinuka kwenda msikitini. Sikusema kitu. Kazi yangu pale ilikuwa moja tu, na niliiacha kwa siku mbili, kwa sababu nilijua nikitamka, wiki zile zimekwisha, na mimi ndiye nitakuwa nimezimaliza. Ulinganisho haukwepeki: daktari alimnyima dawa ili ajue, mimi nilimnyima kujua ili nisiumie. Na mimi niliita kusubiri.

Jumanne alfajiri nilimwambia mkaza mjomba, jikoni, huku nimeinama nikipuliza moto usiohitaji kupulizwa. Akasema, "Toka Ijumaa, mwanangu. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe, nisije nikawa ni hofu yangu."

Tulipomwendea mjomba, yeye alitutolea daftari la wateja. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya redio, alikuwa ameandika tarehe ya Alhamisi, na kwenye safu ya tatizo, kwa mwandiko wake wa siku zote ila ulioinamia kushoto: *inakata*.

Picha mpya ilionyesha korosho ileile, pale pale, iking'aa yote sawasawa. Sindano ilipita salama. Jina lilipatikana, limfoma ya seli B kubwa, ile ya kawaida kwa ubongo, na akaanza methotreksati akiwa na jina. Alikaa nasi miezi 14 mingine, karibu kumi kati ya hiyo akiwa na akili zake.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari ya basi kwenda Dar, siku ile ya Jumanne, kabla hatujajua lolote. Hakuwa amepewa sindano yoyote, kama tulivyoagizwa, na kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma. Aliomba kiti cha dirishani. Basi liliposimama Muheza, wauza machungwa walikimbilia madirisha, naye akanunua mfuko, akatoa noti, akapokea chenji. Aliihesabu. Akaihesabu tena. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma ya kiti na kunikabidhi zile sarafu, nimhesabie.